Nyumba Yenye Usukani

Jumamosi, 5 Aprili

Tulifunga shule jana. Mwalimu Jemutai, anayetufundisha Kiswahili katika kidato cha pili, ametaka kila mmoja wetu aandike shajara msimu huu wa mvua, mpaka katikati ya muhula ujao. Alisema siku isiyo na jambo ipewe mstari mmoja, na tusiipambe. Nitajaribu.

Naitwa Marion Adoyo. Tunaishi Kiplombe, Eldoret, katika nyumba ya kupanga. Baba yangu, Obonyo, ni fundi wa magari na gereji yake iko uani, chini ya paa la bati. Mama yangu, Maximilla, anashona sare za shule. Mvua ilianza wiki iliyopita na majirani wenye mashamba wamekwisha kupanda mahindi.

Jambo kubwa kwetu sasa ni gari. Mwaka jana Mholanzi mmoja alimpa Baba kazi ya kugeuza van yake iwe gari la kulala, lenye kitanda, kabati, jiko la gesi na mapazia. Baba aliipenda kazi ile kuliko zote alizowahi kufanya. Lile gari lilipoondoka, alinunua Hiace kuukuu akaanza kututengenezea letu. Anataka twende nalo Pasaka kwa Dani, mama yake, huko Kano, karibu na Kisumu.

Mimi naelewa sababu yake hivi. Kwetu Wajaluo, mwanamume aliyeoa halali katika nyumba ya mama yake. Lazima awe na nyumba yake mwenyewe pale bomani. Baba hana. Ile aliyojenga ujanani ilibebwa na mafuriko nikiwa mdogo, na hakujenga nyingine. Kwa hiyo sisi hufika kwa Dani saa sita, tukala, na saa tisa tukaondoka. Dani hutusindikiza hadi langoni akisema, "Mnakuja kama watu wa kusoma mita." Sasa Baba amewaza kwamba gari lenye kitanda ni nyumba. Tutaliegesha bomani na tutalala.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimeupaka vanishi mlango wa kabati, mara moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo kulikuwa na mabishano gerejini na nimecheka mpaka nikaumwa na mbavu, ingawa sasa nikiyaandika hayachekeshi sana.

Kutoka lami hadi kwa Dani kuna kipande kirefu cha udongo mweusi unaonata. Wakati wa masika huko hakupitiki kirahisi. Opondo, anayefanya kazi na Baba, alilala chini ya gari, akatazama, akatoka akijifuta mikono.

"Omera, ndugu yangu, hii gari inasukumwa na tairi za nyuma pekee yake. Ukiingia nayo kwa udongo wetu mwezi huu, kulala utalala, lakini utalala katikati ya barabara."

"Ndio nataka kuiwekea four-wheel," Baba akasema. "Injini ivute tairi zote nne."

Mzee Mbuthia, mkulima wa viazi kutoka Timboroa, alikuwa ameketi juu ya tairi akingoja pikapu yake. "Four-wheel ya nini, fundi? Mimi natoa viazi shambani na hii yangu ya kusukuma nyuma. Nikiona matope nafunga minyororo kwa tairi, nabeba jembe, naenda pole pole. Jirani yangu ako na four-wheel. Hiyo yake hukwama mahali hata trekta haifiki, kwa sababu ilimdanganya aingie."

"Wewe unabeba viazi, Mzee. Mimi nabeba kitanda, jiko, tanki ya maji, bibi na mtoto. Uzito wote uko nyuma."

"Si ndio vizuri! Uzito ukikalia tairi zinazosukuma, gari inashika."

"Hapo Timboroa, sawa," Opondo akasema. "Udongo wa Kano unajaza meno ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kama sahani. Sasa sahani mbili ama sahani nne, tofauti gani?"

Baba akamgeukia. "Kwani wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa kungoja mvua iishe."

"Na mimi niko upande wa miguu!" Mama akaita kutoka ndani, mguu ukiwa juu ya cherehani. "Baba Marion, acha gari kwa lami, tuvue viatu, tutembee. Watu wa huko hutembea kila siku."

"Na tulale wapi?" Baba akauliza.

Cherehani ikaanza tena.

Nafikiri Baba ana haki. Mtu akisafiri mwendo wote ule na kitanda chake, hafai kukiacha kando ya lami.

Jumapili, 13 Aprili

Tumetoka kanisani na matawi. Jioni nilizungumza na Dani kwa simu ya shangazi, ambaye tunamwita Waya na ndiye anayekaa naye. Dani huzungumza Kijaluo. Hapa naandika kwa Kiswahili.

"Adoyo, mnakuja Pasaka?"

"Tunakuja, Dani. Na tutalala."

"Mtalala! Nitamfunga yule jogoo asizurure." Akaniuliza kuhusu shule. Kisha akasema, "Adoyo, mnakuja Pasaka?"

Nikamwambia tunakuja. Kabla hatujaagana aliuliza tena, na mimi nikamjibu kwa furaha ileile. Sikutaka ajue kwamba alikuwa ameuliza.

Jumatano, 16 Aprili

Difu ya mbele haijafika kutoka Nairobi. Bila hiyo tairi za mbele haziwezi kuvuta.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Difu imefika na si yenyewe. Opondo aliipima mara tatu. Baba alikaa kwenye ngazi ya gari huku mvua ikimlowesha viatu, akasema Pasaka hatuendi.

Pasaka, 20 Aprili

Waya alipiga simu. Dani amepika jogoo na amekataa aliwe mpaka tufike. Mama aliondoka mezani. Baba alieleza habari za difu kwa urefu, kana kwamba Waya angeweza kuitengeneza.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwomba Baba aniruhusu niende peke yangu kabla shule hazijafunguliwa. Mjukuu hana tatizo, wajukuu ndio hulala na nyanya yao. Baba alinishika bega. "Tutaenda sisi wote, Marion. Tutalala kama watu wenye kwao. Vumilia kidogo." Nimevumilia.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumefungua shule. Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Difu nyingine imeagizwa.

Jumanne, 6 Mei

Mzee Okello alipiga simu jioni. Yeye ni ndugu mdogo wa marehemu babu, na ndiye mkubwa wa boma sasa. Baba alikuwa na grisi mikononi kwa hiyo aliweka simu mezani ikasikika na wote.

"Obonyo, nasikia unajenga nyumba ya matairi."

"Ndiyo, Mzee. Iko karibu kuisha."

"Ina mlango?"

"Ina milango mitatu."

"Ina usukani?"

"Ina, Mzee."

"Basi si nyumba. Nyumba ni kitu ambacho ukikasirika huwezi kuondoka nacho. Hiyo itasimama nje ya lango, na mimi sitabadilisha neno hilo." Alikohoa, kisha sauti yake ikapungua ukali. "Mwanangu, leta mabati. Nguzo tunazo hapa. Mimi nitachimba shimo la kwanza kwa niaba ya baba yako, na vijana wataisimamisha kwa siku moja."

"Nitajenga ya matofali, Mzee."

"Lini?"

"Mambo yakikaa sawa."

"Mama yako hajauliza habari ya matofali. Anauliza unakuja lini."

Simu ilipokatika, Baba alienda bombani akanawa mikono kwa muda mrefu mno. Opondo alikusanya spana.

Baadaye nilimsaidia Mama kukata nyuzi. Nilimwuliza kama gari likisimama nje ya lango bado tutakuwa tumelala nyumbani. Alishona vifungo viwili kwanza.

"Kwetu Kakamega pia mtoto wa kiume hujenga. Baba yako anajua hilo kuliko mimi. Umeona nyumba zilizo karibu na boma la Dani?"

Nimeziona. Wavulana waliosoma na Baba wamejenga nyumba za matofali zenye madirisha makubwa. Mmoja ana ghorofa.

"Baba yako haogopi matope, Marion."

Nimekaa nikiliwaza gari. Ni zuri kweli. Hakuna mtu huko aliye na kitu kama hicho, kwa hiyo hakuna atakayesema ni dogo kuliko chake. Nyumba ya mabati ingesimama pale karibu na matofali ya wenzake, na kila mtu angeona. Sijui kama ni kosa kufikiri hivi juu ya baba yako. Nimeandika tu kwa sababu tangu leo, kila akitaja four-wheel, mimi nasikia jambo jingine.

Jumatatu, 12 Mei

Nilitoka shuleni nikamkuta Mama amesimama uani na mfuko wake wa safari. Baba alikuwa chini ya gari.

Waya alikuwa amepiga simu saa sita. Dani alianguka asubuhi akitoka kuteka maji. Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, wakamtibu, wakamrudisha nyumbani. Anakula uji. Mkono wa kushoto hauna nguvu. Lakini alipoamka alimtazama Waya akamwuliza yeye ni mke wa nani.

"Baba Marion," Mama alikuwa akisema, "toka huko chini. Gari za Kisumu ziko stendi. Twende sasa, tunafika kabla ya giza."

Sauti ya Baba ilitoka chini ya chuma. "Halafu?"

"Halafu nini? Umwone mama yako."

"Halafu giza likiingia niondoke. Mama ameanguka, na mimi nije nimpe mkono kama mjumbe wa serikali, nirudi. Maximilla, hapana. Waya anasema anakula. Nipe siku nne. Nikimaliza hii kitu nitaenda nikae naye mwezi mzima."

"Lala kwa Mzee Okello."

"Mwanaume wa umri wangu akaombe kulala kwa baba mdogo? Na boma la baba yake liko pale?"

"Lala chini ya mti, basi! Lala kwa zizi! Kwani mama yako atakuuliza ulilala wapi?"

Opondo alikuwa ameshika jeki. Alisema polepole, akiangalia upande, "Omera, shemeji anasema ukweli. Hii giaboksi tumeifungua yote. Iko kwa sakafu. Si siku nne."

Baba alitoka chini. Nilidhani atakuwa amekasirika, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyepotea sokoni. "Nifungieni taa hapa," akasema. "Tutafanya kazi mpaka iishe."

Mama alitazama mfuko wake. "Nitaenda mimi, kesho asubuhi."

Nilisimama pale na sare yangu nikitaka kumwambia Baba maneno. Nilikuwa nayo. Nilichofanya ni kumshikia boksi la nati, kwa sababu zilikuwa zikimponyoka.

Jumanne, 13 Mei

Mto umevunja kingo huko chini. Mama alifika stendi akaambiwa magari yanaishia njiani, na maji yamekata barabara ya kwa Dani. Amerudi. Waya anasema wao wako mahali pa juu, maji hayajawafikia.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Baba na Mama wanazungumza kupitia kwangu.

Jumatatu, 19 Mei

Jaribio la Hisabati. Nimepata chini ya nilivyozoea.

Jumatano, 21 Mei

Waya aliweka simu kwenye sikio la Dani. Nikasema, "Dani, ni Adoyo." Akasema, "Adoyo alizaliwa wakati wa palizi." Nikasema, "Ndiyo, ndiye mimi." Akasema ni mtoto mzuri, nikimwona nimsalimie.

Jumamosi, 24 Mei

Gari linavuta kwa tairi nne. Tulilijaribu kwenye ile njia ya matope nyuma ya kanisa. Opondo alikaa ndani na Baba, na watoto wa mtaa wote wakakimbia nyuma wakishangilia. Liliingia matopeni, likanguruma, likapanda upande wa pili bila kuteleza. Baba alitoa kichwa dirishani akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Aprili.

Nilifurahi. Pia nilitaka kulipiga teke. Nilihisi vyote viwili kwa wakati mmoja na sijui neno lake.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika nikiwa kwa Dani, mlangoni, jua likishuka.

Kesho ni sikukuu ya Madaraka na Jumatatu hatuna shule, kwa hiyo tuliondoka leo alfajiri, tukapita Nandi Hills katikati ya chai na ukungu. Tulipoteremka bondeni joto likatupokea, tukavua masweta. Baba aliendesha kwa makini. Tulipoiacha lami alisimamisha gari, akaweka mkono juu ya ile lever mpya inayounganisha tairi za mbele. Akatazama mbele.

Barabara ilikuwa imekauka.

Mvua ilikuwa imekatika huku kwa zaidi ya wiki moja. Udongo ulikuwa mgumu, una nyufa, na nyayo za ng'ombe zimeganda kama za saruji. Mwanamke aliyebeba kuni alitupita akatusalimu. Kisha kijana mwenye baiskeli, na kuku wamefungwa nyuma. Baba akaondoa mkono. Hakuigusa ile lever mpaka tulipofika. Gari lolote lingepita. Hata cherehani ya Mama ingepita kama ingekuwa na magurudumu.

Mzee Okello alitungoja langoni. Alimsalimu Baba kwa mikono miwili, akaonyesha kwa fimbo mahali pa kuegesha, nje ya ua. Baba aliegesha pale bila kubisha.

Dani alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kushoto mapajani, amevaa kitambaa safi. Amekonda. Alituona tukiingia akanyoosha mgongo kama afanyavyo mtu mwenye wageni.

"Karibuni, karibuni. Waya, leta viti. Ninyi ni watu wa kanisa?"

Baba alipiga magoti mbele yake. "Mama, ni mimi. Obonyo."

Alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba na hutaki aone haya.

"Obonyo ni mwanangu," akasema. "Yuko Eldoret. Hawezi kuja sasa, barabara ina matope."

Mama alifunika mdomo na leso. Waya alikuwa ameshika kiti na hakukiweka chini.

"Na wewe umepitaje?" Dani akamwuliza Baba.

Baba akatazama vumbi chini yake. "Imekauka, Mama."

"Imekauka?" Uso wake wote ukafunguka. "Imekauka! Basi atakuja. Waya, unasikia? Weka maji motoni, Obonyo atakuja." Akamgeukia Baba tena, akampigapiga mkono. "Asante kwa kuniletea habari. Keti, mgeni, usipige magoti kwenye vumbi. Utachafua suruali."

Baba akaketi. Alikunywa chai aliyopewa, akajibu alipoulizwa habari za Eldoret, kama mvua ni nyingi, kama mahindi yameota. Alipoulizwa kama anamfahamu Obonyo, alisema anamfahamu kidogo.

Nilifikiri ningemkasirikia leo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Sasa nikimwona pale kwenye kiti cha wageni, amebana magoti pamoja, hasira siioni nilipoiweka.

Mimi nitalala ndani na Dani. Baba na Mama watalala nje ya lango, garini.

Jumapili, 1 Juni

Asubuhi Baba alimwendea Mzee Okello kabla ya chai. Sikusikia yote. Nilimsikia Mzee akisema, "Ya mabati?" na Baba akisema, "Ya mabati. Ndogo." Mzee akaenda kuchukua jembe. Alimpeleka Baba upande wa kushoto wa lango, mahali pa mtoto wa kiume, akachimba shimo la kwanza mwenyewe, akipumua kwa nguvu, na hakukubali kusaidiwa.

Jumatatu, 2 Juni

Mama na mimi tumerudi kwa basi. Baba amebaki. Mama alimpa mfuko wake wa safari, akamwekea sweta lake la kazi juu kabisa.

Jumamosi, 7 Juni

Nyumba imesimama. Vijana waliimaliza kwa siku moja, kama Mzee alivyosema. Baba anasema kwa simu kwamba ina chumba kimoja, na mvua ilipoipiga usiku wa kwanza ilikuwa na kelele kama gereji. Opondo anaendesha kazi hapa. Mtu wa Moiben ameuliza kama lile gari linauzwa, na Opondo amemwambia amngoje mwenye gari.

Niliuliza habari za Dani. Baba alisema kila asubuhi humkaribisha upya, humwuliza jina na anakotoka. Humwambia mwanawe yuko njiani.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nitamngoja pamoja naye."

Jumanne, 10 Juni

Mvua imerudi. Mwalimu Jemutai atakusanya shajara Ijumaa. Nimefikiri kurarua kurasa kadhaa, na sitaurarua hata mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Baba alipiga simu kabla sijaenda shule. Alikuwa akipaza sauti kwa sababu ya mvua juu ya mabati, na huko, alisema, matope yamejaa tena hadi lami.

Asubuhi hii alipofungua mlango wake, Dani alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyumba yake. Alimwangalia akivuka ua. Kisha akamwita Waya, akamwambia, "Yule mgeni wa jana bado yuko. Mpe uji."

"Wa jana, Marion," Baba akasema. "Amesema wa jana."

Nyuma yake nikasikia mvua. Kisha akasema ananiacha, anaenda kuunywa kabla haujapoa.